Bogenvilia: Ua Lililogeuka Ua

Ndugu msikilizaji, lugha yetu ina neno moja dogo lenye herufi mbili tu, nalo ni "ua". Ukilitia katika wingi ukasema "maua", umetaja kitu cha kupendeza macho. Ukilitia katika wingi ukasema "nyua", umetaja kizuizi: makuti, fito, miti au matofali yanayotenga kwangu na kwako. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuwa na habari kwamba ingefika siku mmea mmoja ukabeba maana zote mbili kwa pamoja. Mmea huo tunao. Pita Upanga au Oyster Bay hapa Dar es Salaam, pita Moshi, Arusha au Nairobi, utauona umelalia kuta na malango, wenye rangi ya zambarau, nyekundu, ya machungwa au nyeupe. Hiyo ndiyo bogenvilia, na juma hili nataka tuizungumze.

Najua wapo watakaouliza: katika mji wenye foleni za magari na mabomba yanayokauka, huyu mtangazaji anapata wapi nafasi ya kuzungumza maua? Nawajibu kwamba ni kwa sababu hiyo hiyo ya mabomba makavu. Bogenvilia inasifiwa na kila mwenye nyumba kwa jambo moja, kwamba haidai matunzo. Haidai maji mengi, haidai mbolea nyingi, haiogopi jua wala upepo wa chumvi wa pwani. "Panda usahau," ndivyo watu wanavyoambiana. Lakini nilipoifuatilia historia yake niliona kwamba ua hili lisilodai kazi limeizunguka dunia kwa migongo na mikono ya watu waliofanya kazi kweli kweli, na kwamba hao ndio waliosahauliwa. Hapo ndipo penye mazungumzo ya leo.

Kwanza tuelewane kuhusu mmea wenyewe. Zile rangi unazoziona si maua. Ni majani yaliyobadilika rangi ili kuwaita wadudu. Chungulia ndani ya yale majani matatu ya rangi, utaona vijiua vitatu vyembamba, kila kimoja kama mrija mdogo mweupe. Hivyo ndivyo maua yenyewe. Wenyewe wafanya kazi wamejificha ndani, na sifa zote zinakwenda kwa kanzu. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Aina nyingi za bogenvilia tunazopanda ni machotara, na huku kwetu ni nadra sana kutoa mbegu. Haziotei ovyo porini kama mvuti, ambao nao uliletwa kutoka Amerika kuwa pambo la bustani, kisha ndege wakautawanya mpaka ukawa balaa la malisho. Bogenvilia huenea kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini. Maana yake ni kwamba karibu kila shina unaloliona mjini lilipandwa na mkono wa mtu. Na huyo aliyepanda alichukua tawi kwa mwingine, naye kwa mwingine, mpaka ufike Amerika ya Kusini ulikotoka mmea huu, katika nchi za Brazil, Peru, Bolivia na Argentina.

Sasa tuirudie safari yenyewe. Mwaka 1766 Mfalme wa Ufaransa alimtuma nahodha Louis-Antoine de Bougainville kuizunguka dunia kwa merikebu mbili, La Boudeuse na L'Étoile. Katika L'Étoile alikuwamo mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, pamoja na mtumishi wake aliyejiita Jean Baret. Mwaka 1767 merikebu hizo zilitia nanga Rio de Janeiro, na huko ndiko ulikochumwa mmea wenye majani ya zambarau ambao Commerson aliupa jina la nahodha wake.

Lakini mtaalamu huyo alikuwa akisumbuliwa na kidonda cha mguu. Aliyekuwa akipanda vilima na kubeba mizigo ni mtumishi. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba mkono uliolikata tawi lile la kwanza ulikuwa wa Baret, na ukiufikiria mguu wa bwana wake huoni ajabu. Na Baret huyo hakuwa mwanamume hata kidogo. Alikuwa Jeanne Baret, mwanamke wa shamba kutoka Burgundy, aliyezaliwa mwaka 1740. Kanuni za jeshi la majini la Ufaransa zilikataza wanawake kukaa merikebuni, kwa hiyo alijifunga kifua, akavaa suruali, akafanya kazi kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima katikati ya mabaharia. Siri yake ilitoboka mwezi Aprili 1768 walipofika kisiwa cha Tahiti, na kwa masimulizi ya nahodha, wenyeji wa Tahiti ndio waliomtambua mara moja.

Bougainville mwenyewe, katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1771, alikiri kwamba Baret alikuwa hodari wa mimea, na kwamba katika matembezi yale magumu alibeba chakula, silaha na madaftari ya mimea kwa ushujaa mkubwa. Kwa ajili hiyo, anaandika, bwana wake alimpa jina la utani, na maana ya jina hilo ni mnyama wa kubebea mizigo. Tafadhali likumbuke jina hilo, ndugu msikilizaji. Tutalirudia.

Waswahili husema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Historia ilifanya hivyo hivyo ilivyokatazwa. Nahodha Bougainville alipata ua, akapata kisiwa kikubwa huko Pasifiki kinachoitwa kwa jina lake mpaka leo, na Napoleon akampa heshima ya useneta. Mwaka 1789 mtaalamu Antoine-Laurent de Jussieu alilichapisha jina la ua hilo kitabuni, na likawa rasmi. Commerson alijaribu kumpa Baret mmea mmoja wa Madagaska, akauita Baretia, lakini jina hilo halikudumu. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2012, zaidi ya miaka 200 baada ya kifo chake, ndipo wataalamu walipoupa mmea mmoja wa Ecuador na Peru jina la Solanum baretiae. Ni wa ukoo mmoja na mnavu, nyanya chungu na viazi mviringo. Mimi naona ni zawadi inayomstahili: ukoo wa mboga na chakula cha watu.

Kuna jambo jingine katika safari hiyo linalotugusa sisi wa pwani hii. Mwishoni mwa mwaka 1768 Commerson na Baret walishuka Mauritius, kisiwa ambacho wakati huo Wafaransa walikiita Isle de France. Commerson alifia huko mwaka 1773, na shehena yake ya maelfu ya mimea iliyokaushwa ikapelekwa Paris. Baret aliendesha kilabu cha pombe mjini Port Louis, akaolewa na askari Mfaransa, kisha akarejea kwao yapata mwaka 1775, akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mwaka 1785 serikali ilimpa malipo ya uzeeni ya livre 200 kwa mwaka. Yeye walau alikumbukwa akiwa hai. Lakini ni nani waliokuwa wakichimba na kupalilia bustani na mashamba ya kisiwa hicho? Walikuwa watumwa, wengine kutoka Madagaska, wengine Msumbiji, wengine kutoka pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Jina la Morice tunalo. Mkataba tunao. Majina ya wale elfu moja ya kila mwaka hayamo.

Karne ya 19 bogenvilia ilikuwa pambo la nyumba za vioo huko Ulaya, ikilelewa kama mtoto mgonjwa ili baridi isiiue. Wakati huo huo Mwingereza mmoja, Nathaniel Ward, alikuwa amevumbua sanduku la vioo lililofungwa, ambalo ndani yake mche uliweza kusafiri miezi mingi baharini bila kumwagiliwa. Mwaka 1833 alilijaribu kwa safari ya Australia na likafaulu. Tangu hapo mimea ya Amerika, Asia na Afrika ilianza kubadilishana makao kwa kasi isiyopata kuonekana, na bogenvilia ikaingia katika makoloni yenye joto, mahali ambapo haikuhitaji tena nyumba ya vioo.

Ile nyekundu iliyoiva, ambayo wengi wetu tunaipenda, ina hadithi yake. Mwaka 1910 mwanamke mmoja aliiona katika bustani mjini Cartagena, nchini Colombia, akachukua kipandikizi kwenda nacho Trinidad, na kutoka hapo ikasambaa ulimwenguni. Inaitwa "Mrs Butt". Tazama basi: hata huyo aliyepata bahati ya kuitwa ua, ameitwa kwa jina la mumewe.

Je, kabla ya bogenvilia sisi hatukuwa na nyua? Tulikuwa nazo, tena nyua zenye maneno. Pwani tulisuka makuti, na uani palikuwa mahali pa akina mama, pa kupikia na kuongelea. Wamasai walipanda minyaa, ambayo wao huiita emanyara, kuzunguka maboma ili mifugo isitoke, na inasemekana ndipo Ziwa Manyara lilipopata jina. Kilimanjaro, Wachaga walipanda isale mipakani mwa vihamba, na jani hilo hilo la isale ndilo mtu alilolichukua mkononi alipokwenda kumwomba jirani yake msamaha. Hebu fikiri: mmea unaoonyesha mwisho wa shamba lako ndio huo huo unaokupeleka kupatana na mwenye shamba la pili.

Bogenvilia ilikuja na ua wa namna nyingine. Miji ya kikoloni ilipangwa kwa rangi za watu. Dar es Salaam iligawanywa katika kanda tatu kwa kanuni za ujenzi, na wananchi wakazipa majina yao: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni nyumba ilikaa katikati ya kiwanja kikubwa, na pembezoni yakapandwa maua. Ua ule haukuwa na bawabu wala nyaya za umeme; haukuvihitaji, kwa sababu sheria na polisi ndivyo vilivyokuwa ukuta wenyewe. Mwafrika aliingia ndani ya ua huo asubuhi, na jioni akatoka, akiwa mpishi, yaya, au yule aliyeitwa "shamba boi".

Hilo ndilo jina nililotaka tulirudie. Mtu mwenye miaka 50, mwenye wajukuu, anaitwa boi. Anajua mmea upi unataka jua na upi unataka kivuli, anajua mwezi wa kukata na mwezi wa kuacha, ni mtaalamu wa mimea kama alivyokuwa Baret, naye kama Baret anapewa jina la mbebaji mizigo. Na mji wetu haukosi kumbukumbu ya namna hiyo. Kariakoo, soko letu kubwa, imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa Kiingereza Carrier Corps. Mtaa mzima umeitwa kwa jina la wabeba mizigo, na bado ni wangapi kati yetu wanaoweza kumtaja hata mpagazi mmoja?

Nenda Nairobi utakuta habari ile ile. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mkuu wa bustani za jiji hilo alikuwa Peter Greensmith, na ni yeye anayetajwa kila inapozungumzwa sifa ya Nairobi kuwa jiji la maua. Bogenvilia zilipandwa kando ya barabara kuu na katika mizunguko, na mgeni aliyetoka uwanja wa ndege alipokewa nazo. Sina nia ya kumnyang'anya Greensmith sifa yake. Kazi ilikuwa nzuri. Nasema tu kwamba mkuu wa bustani hachimbi mashimo yote peke yake. Mashimo yale yalichimbwa na wafanyakazi Waafrika, wengi wao wakiwa watu ambao jioni hawakuruhusiwa kulala katika mitaa waliyoipamba.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, huo mmea una tabia moja ambayo mabwana wa Uzunguni hawakuweza kuizuia. Unapaswa kukatwa. Usipokatwa unakuwa kichaka cha miiba. Ukikatwa, matawi hutupwa. Na anayeyatupa ni yule aliyeyakata, ambaye anajua kwamba kila tawi ni mche. Basi tawi moja likifungwa juu ya baiskeli jioni, mwakani kuna ua Temeke, Magomeni au Buguruni. Bogenvilia haikusubiri uhuru kuvuka kanda. Ua lililopandwa kutenga likawa ua la kila mtu, bila hotuba na bila kamati, kwa mkono wa shamba boi. Mimi nalihesabu jambo hilo kuwa sehemu ya historia ya miji yetu, japo hakuna aliyelijengea mnara.

Kwa kuwa wapo wanaonisikiliza wakiwa na kiwanja kitupu mbele ya nyumba, niwape maarifa yale yale ya watunza bustani. Kata tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa shubiri moja, lisiwe changa sana wala kavu. Pukusa majani, lichomeke kwenye udongo wenye mchanga ili macho mawili yawe ardhini. Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, kama vile masika yanapokaribia. Uwe unyevu, usiwe tope. Likishachipua na kushika mizizi, hamisha kwa uangalifu na udongo wake, maana mizizi ya bogenvilia ni myepesi kukatika na haisamehi. Mahali pawe na jua kali, si chini ya saa sita kwa siku. Kivulini utapata majani matupu.

Likishakomaa, usilidekeze. Maji mengi na samadi nyingi hulifanya linenepe majani na kusahau kuchanua. Ni kiangazi kinacholifanya lichanue. Ndiyo maana wakati ndoo za maji zinapouzwa kwa bei ya kuruka, lenyewe ndipo linapovaa nguo zake za sikukuu. Maua yakipukutika, kata matawi, kwa kuwa litachanua tena kwenye chipukizi jipya. Vaa glavu nene, na watoto waangaliwe, kwa maana miiba yake haina mzaha. Basi, hiyo ndiyo kazi yote. Si kubwa. Lakini ni kazi, na ipo mtu wa kuifanya.

Miaka ya karibuni nyua za miji yetu zimebadilika tena. Bogenvilia imeonekana haitoshi. Tumejenga kuta za matofali, tukapanga vipande vya chupa juu yake, tukaongeza senyenge na nyaya za umeme. Wenye huruma hupanda bogenvilia juu ya senyenge ili isionekane. Nako Nairobi, ilipojengwa barabara ya juu yenye urefu wa kilomita 27 kati ya mwaka 2020 na 2022, miti na maua mengi ya kando ya njia iliondolewa. Mwezi Novemba 2020 mti mmoja, mgumo mkongwe wa Westlands, uliokolewa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta baada ya wananchi kupiga kelele. Mgumo ni mti wenye heshima yake katika mila, ulistahili. Maua yaliyopandwa na vibarua hayakuwa na wa kuyaombea.

Sisemi barabara zisijengwe. Sisemi watu wasijilinde na wezi. Ninalosema ni kwamba tunapohesabu thamani ya kitu tunachokiondoa, tumezoea kuanza na jina kubwa lililobandikwa juu yake, na kama halipo tunaona hakina mwenyewe. Kila bogenvilia ina mwenyewe. Kuna mtu aliyeinama akaichomeka.

Mwaka 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, na mtunza bustani wa nyumbani kwako ni mmoja wao. Anastahili mkataba wa kazi, mapumziko na mshahara unaolipwa kwa wakati. Lakini kabla ya hayo yote kuna jambo lisilogharimu hata senti, ambalo halihitaji Bunge wala Geneva. Mwenye ua lililochanua vizuri, ukisifiwa na wageni leo jioni, usiseme "hili halihitaji matunzo". Sema limetunzwa na nani. Mtaje kwa jina lake, jina alilopewa na wazazi wake. Na siku atakapokata matawi, jirani wa ng'ambo ya ukuta akiomba moja, mpe.